Maziwa ya mama yanavyobadilika, na la kufanya kila yanapobadilika

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zinalisha nchi nzima, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta Iringa karibu asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe asilimia 50. Chakula kipo shambani. Tunakosea namna ya kulisha, na makosa mengi huanza pale maziwa ya mama yanapobadilika na mtu nyumbani akadhani yameharibika.

Dang'a haimwagwi

Siku tatu nne za kwanza hutoka dang'a: nzito, ya njano, kidogo sana. Hiyo kidogo inatosha, kwa kuwa tumbo la mtoto wa siku moja hupokea mililita 5 hadi 7 tu kwa mnyonyo, kama kijiko kimoja cha chai. Dang'a ina protini nyingi kuliko maziwa yatakayofuata, vitamini A ya kutosha na kingamwili tele. Sukari na mafuta ndiyo machache.

Mweke mtoto titini ndani ya saa moja baada ya kujifungua, kisha anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Maji ya sukari au maziwa ya ng'ombe "ya kusubiria" hujaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo, na titi lisiponyonywa maziwa huchelewa kujaa.

Akisinzia na kushindwa kunyonya, kamua kwa mkono. Nawa kwa sabuni. Dole gumba likae juu na vidole viwili chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu. Sukuma kwanza kuelekea mbavuni, ndipo ubane, uachie, urudie. Usitelezeshe vidole juu ya ngozi: utajichubua, na maziwa hayatatoka vizuri. Kinga matone kwa kijiko kilichochemshwa, umpe hapo hapo.

Kati ya siku ya 2 na ya 4 matiti hujaa na maziwa huanza kuwa meupe. Baada ya wiki mbili hivi yanakaribia kukomaa. Kuanzia siku ya 5 mtoto akojoe angalau mara 6 kwa siku na choo kiwe cha njano. Kikiwa bado cheusi, au wiki mbili zimepita hajarudia uzito wa kuzaliwa, nenda kliniki siku hiyo hiyo.

"Maziwa yangu mepesi"

Hapa ndipo wengi wanapoanzisha uji mtoto akiwa na miezi mitatu. Maziwa yaliyokomaa ni maji kwa asilimia 87 hivi. Katika mililita 100 mna gramu 7 za sukari ya maziwa, gramu 3.5 hadi 4 za mafuta na gramu 1 tu ya protini. Ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Mtoto wa Makete, kwenye baridi kali ya mwezi wa Julai, hahitaji maji ya moto wala uji wa kumpasha mwili. Anahitaji titi na nguo nzito.

Mafuta hayako sawa mnyonyo mzima. Titi lililojaa hutoa maziwa mepesi, yenye rangi ya samawati kwa mbali. Kadiri linavyopungua, mafuta yanaongezeka. Mama anayebadilisha titi kila dakika tano humpa mtoto sehemu nyepesi ya pande zote mbili: gesi, choo cha kijani chenye povu, kilio. Mwache amalize titi moja mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Mnyonyo unaofuata, anzia upande uliojaa zaidi.

Ukikamua kabla ya kwenda shambani au kazini, maziwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, au siku 4 kwenye friji. Utakuta malai yamepanda juu. Hayajaharibika, zungusha chombo taratibu yachanganyike, na umpe kwa kikombe.

Chakula cha mama hakibadilishi sana protini, kalsiamu, chuma wala zinki ya maziwa. Kinabadilisha madini joto, vitamini A, vitamini za kundi B na aina ya mafuta. Milima yetu ina historia ndefu ya rovu, uvimbe wa shingo unaotokana na upungufu wa madini joto, kwa hiyo nunua chumvi yenye madini joto, ifunike mbali na moto, uitie chakula kikikaribia kuiva.

Mtoto akifika miezi sita

Zinki kwenye maziwa hushuka sana kati ya mwezi wa kwanza na wa sita. Chuma ni kidogo tangu mwanzo, na akiba aliyozaliwa nayo mtoto inakwisha. Maziwa bado ni mazuri, ila peke yake hayatoshi tena, na uji wa sembe mtupu hauzibi pengo hilo.

Anza na vijiko 2 au 3 vya mezani, mara 2 hadi 3 kwa siku. Inamisha kijiko: uji ukimwagika kama maji, ongeza unga. Tia yai, dagaa waliosagwa, maini au maharage yaliyopondwa. Maharage yalowekwe usiku na maji yake yamwagwe. Parachichi huongeza nguvu. Chai usimpe, hata ya maziwa, maana inazuia chuma kufyonzwa. Akifika miezi 9, nusu kikombe cha mililita 250, mara 3 au 4.

Mwaka wa pili

Maziwa bado humpa kama theluthi ya nguvu anayohitaji, kwa hiyo endelea mpaka miaka miwili. Ukipata mimba nyingine, maziwa hupungua na baadaye hurudi kuwa kama dang'a. Watu watasema umembemenda mtoto, yaani umemdhoofisha kwa kushika mimba angali ananyonya. Maziwa hayo si sumu. Kinachomdhoofisha ni kuachishwa ghafla bila chakula cha kufidia. Kama mimba yako haina tatizo, mnyonyeshe, umwongezee mlo mmoja wenye yai au dagaa, na umpime uzito kila mwezi.