Namna ya Kutambua Vipande vya Deraya ya Mabamba ya Ulaya

Kipande cha chuma chenye kutu, kipana kama kiganja na kilichobinuka kidogo, kinaweza kuwa sehemu ya dirii (bamba la kifua) ya karne ya 16, na kinaweza pia kuwa ubavu wa chungu au ukanda wa pipa. Anayeanza kwa umbo la nje hupotea upesi, kwa sababu kutu hufura na kuficha mikunjo ya asili. Nashauri uanze na upande wa ndani, kisha ukingo, kisha matundu, na umbo ulifikirie mwisho.

Kabla ya yote, usikisugue. Brashi ya waya na siki huondoa kutu pamoja na ngozi ya juu ya chuma, na humo ndimo zilimo alama ya fundi na mabaki ya mikanda. Pangusa udongo mkavu kwa brashi laini, piga picha pande zote mbili, na uandike siku hiyohiyo mahali kilipookotwa. Ukiweza kupata picha ya eksirei, itakuonyesha ribiti (misumari mifupi ya kuunganishia mabamba) zilizofunikwa bila chuma kuguswa.

Fundi aling'arisha upande wa nje, lakini ndani mara nyingi aliacha weusi wa moto na alama za nyundo. Pima unene katika sehemu kadhaa, ukikwepa palipofura. Bamba lililofuliwa kwa mkono halina unene mmoja: dirii, kwa mfano, kwa kawaida huwa nene katikati ya kifua na nyembamba kuelekea kwapani. Unene unaolingana kila mahali ni dalili nzito ya bati la kiwandani, yaani nakala ya siku za karibuni.

Kwenye shingo na makwapa, ukingo ulikunjwa, mara nyingi kuzungushia waya, ili ncha ya silaha isiteleze na kuingia mwilini. Pindo lililochongwa mistari ya mshazari hadi likafanana na kamba iliyosokotwa hukuelekeza zaidi kwenye karne ya 16. Mabamba yenye matuta membamba yaliyopangana kwa karibu yalipendwa sana Ujerumani kati ya mwaka 1500 na 1530 hivi, na mtindo huo umepewa jina la Kaisari Maximilian wa Kwanza.

Matundu ndiyo yenye habari nyingi zaidi, na hapa usiharakishe. Safu ya ribiti ndogo kando ya ukingo ilishikilia ukanda wa ngozi ulioshonewa bitana. Tundu refu lililochongwa kama mwanya lilikuwa njia ya ribiti kuteleza, ili mabamba yapandane na kuachana kama magamba ya mkia wa kambakoche, mvaaji aweze kukunja mkono. Ukiona mwanya wa namna hiyo, pamoja na mikwaruzo iliyopinda kandokando yake, unashika kipande cha kiungo kinachocheza. Matundu yaliyokusanyika upande wa kulia wa kifua, kulia kwa mvaaji, huenda yalibeba kiegemezo cha mkuki wa mpanda farasi.

Kuna aina moja inayowadanganya wengi. Katika makaburi ya halaiki ya Visby, kisiwani Gotland (leo sehemu ya Sweden), walikozikwa waliouawa na jeshi la Denmark mwaka 1361, yalipatikana mabamba yaliyokuwa yamepigiliwa ndani ya vazi la ngozi au kitambaa. Vazi lilioza, chuma kikabaki. Ukitazama ribiti ya bamba kama hilo kwa ubavu, utaona pengo dogo kati ya kichwa chake na chuma: pengo hilo ni unene wa vazi lenyewe, limehifadhiwa kwa karne nyingi.

Alama za miji zilizogongwa kwenye chuma, kama tunda la msonobari la mji wa Augsburg, Ujerumani, husaidia, ila zisisimame peke yake, kwani zimewahi kugongwa kwenye vitu bandia.

Sasa tazama umbo. Bakuli dogo lenye bawa ubavuni laweza kuwa la goti au la kiwiko, na kipande kilichovunjika mara nyingi hakitoi jibu. Andika "kinga ya kiungo, goti au kiwiko", kihifadhi mahali pakavu, na usiongeze neno hadi kipande cha pili kitakapopatikana.