Kabla ya skuli kufungwa: saa nne asubuhi mtoto atakuwa na nani?

Saa nne asubuhi ya siku ya skuli najua aliko kila mtoto wa darasa langu. Wengine wako uani wananunua mihogo na ubuyu, wengine wamejibanza kivulini, na mmoja au wawili siku zote wako chooni kwa muda mrefu kuliko haja yenyewe. Skuli yetu iko kusini mwa Pemba na ina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana. Mtoto wa asubuhi akitoka kwangu hula, huenda chuoni, yaani madrasa, na akitoka chuoni jua limeshapoa. Kutwa nzima anapita mikononi mwa watu wazima wanaomjua kwa jina. Disemba skuli zikifungwa, na chuo nacho kikipumzika, saa zote hizo hurudi nyumbani kwa mpigo, na huko nyumbani watu wazima wako mikarafuuni, au baharini, au sokoni.

Ndiyo maana siku ya kuchukua ripoti, kabla sijazungumzia alama, huwa nauliza: saa nne asubuhi mtoto huyu atakuwa na nani? Jibu la kila mwaka ni "na ndugu zake". Nikiuliza huyo ndugu mkubwa ana umri gani, naambiwa yuko darasa la tano. Basi haya yafuatayo nayaandika kwa ajili ya mzazi wa yule wa darasa la tano, ambaye bila kuulizwa ameshapewa kazi yangu.

Nianze na bahari, maana tumeizoea mno. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huku kwetu hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi jioni, na tofauti baina ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Kwa hivyo saa ile ile ninayokuuliza ndiyo saa mwamba unapokuwa mtupu, watoto wana vijiti na ndoo, wanatafuta pweza na chaza. Maji yakigeuka hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanakuja polepole hata mtoto haoni mabadiliko. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Tena hayaji kutoka mbele tu. Hujaza kwanza mikondo na mabonde yaliyo nyuma ya mtoto, upande wa pwani, naye bado yuko juu ya mwamba mkavu ameinamia tundu la pweza. Akigeuka anakuta njia aliyojia na maji ya magoti sasa ina maji ya kifua.

Mpwa wangu wa miaka tisa yalimkuta hayo. Alikuwa na wenzake watatu, mkubwa wao ana miaka kumi na miwili, na aliyewatoa ni mvuvi aliyekuwa akirudi na ngalawa yake. Mvuvi yule hakutaka shukurani, alitaka kujua mama zao wako wapi. Tulikuwa mikarafuuni, sote.

Maandalizi yake si makubwa. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani ndiyo jaduweli ya maji: mwezi mosi na mwezi kumi na nne, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni siku za bamvua. Siku hizo watoto wasiende mwambani bila mtu mzima, na sheria iwe kurudi kabla maji hayajageuka, si "mkichoka rudini". Wageni kutoka mashamba ya ndani waambiwe wazi wazi, kwa sababu mtoto wa pwani humwona mwenzake wa Pemba akadhani anayajua maji kama yeye.

Bahari hiyo hiyo inaleta chakula, na hapa nitakaa kidogo. Machi 2024, Kisiwa Panza, wilaya yetu hii ya Mkoani, watoto 8 na mwanamke mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 walifikishwa hospitali. Kabla ya hapo, Novemba 2021, watu 7 walikufa Pemba kwa sababu hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Nasikia watu wakisema walikosea kupika. Hawakukosea. Sumu ya kasa haiondoki kwa kuchemsha, wala kwa ndimu, wala kwa kumwaga supu ya kwanza. Haina harufu wala ladha ya kukuonya, na haina dawa ya kuipindua. Daktari hutibu dalili tu. Aliyekula anaweza kukaa saa nyingi, hata siku, kabla ya mdomo na koo kuwasha, kutapika na kulegea. Watoto wadogo ndio wanaoshindwa kwanza, na anyonyeshaye anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa.

Kasa amekatazwa na sheria, hilo kila mtu analijua, na bado nyama inapita mlango wa nyuma ikiwa ndani ya mfuko mweusi. Mtoto aliyepelekwa likizo kwa jamaa hawezi kukataa sahani aliyopewa na shangazi yake. Adabu tuliyomfundisha haimruhusu. Kwa hivyo anayepaswa kukataa ni wewe, mapema, kabla hajaondoka. Mwambie shangazi kwa simu: kasa na bunju (samaki mwenye sumu) mwanangu asilishwe. Akinuna, na anune. Na ikitokea watu wa nyumba moja wamekula halafu mmoja akaanza kutapika, wote waliokula wapelekwe hospitali pamoja, hata wasioumwa, wala mtu asione haya kutaja kilicholiwa. Haya ya kuogopa kushitakiwa ndiyo inayowachelewesha.

Maji baridi yana shari yake. Mtoto akikatazwa bahari huenda kukoga mtoni au bwawani, na huko kuna konokono wa kichocho. Vijidudu vyao hutoka zaidi jua linapokuwa kali, tangu kiasi cha saa nne mpaka saa nane mchana, yaani saa zile zile tena. Vidonge vya kichocho vinavyogawiwa skuli vinaua minyoo iliyokwishaingia. Havimkingi anayekoga tena kesho yake. Mtoto wa kiume akionekana anakojoa damu, wapo wazee bado wanaocheka kwamba amekua. Hajakua, anaumwa. Wa kike hufichwa zaidi, au hudhaniwa ni mambo ya kike. Wote wawili waende kituo cha afya.

Miembe imezaa, na kila Januari narudi darasani nikakuta mkono mmoja au miwili ndani ya plasta. Sitegemei kuzuia watoto kupanda miembe, nilipanda mwenyewe. Lakini mkarafuu ni mti mwingine: tawi lake ni jepesi kuvunjika na halitoi onyo la kupinda. Mtoto akitaka kusaidia msimu huu, kazi yake iko barazani, kuchambua karafuu na makonyo juu ya jamvi. Aliyeanguka kwa mgongo au shingo asiinuliwe mabegani mwa mtu wala asipakiwe bodaboda. Alazwe juu ya ubao au mlango, awe amenyooka, ndipo atafutiwe gari. Mkono uliopinda usivutwe na mtu yeyote hapo nyumbani, hata akiwa ni fundi wa viungo anayesifiwa kijiji kizima.

Barabara: zikitengenezwa, mwendo huongezeka. Baiskeli ya mtoto ijaribiwe breki kabla ya kupewa, na magharibi iwe imeshaingia ndani.

Kwa wanaovuka kwenda Unguja, tiketi ya mtoto ikatwe kwa jina lake, hata akiwa wa kupakatwa. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba, imejaa kupita kiasi, na hesabu ya waliokuwemo ina mabishano mpaka leo kwa sababu wengi hawakuandikwa. Watoto ninaowafundisha hawakuwa wamezaliwa, lakini majina ya jamaa zao waliokufa wanayajua. Chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mkishaingia, mwoneshe mtoto jaketi la kuokolea liko wapi na mvalishe mara moja kwa kujaribu, hata abiria wenzio wakikutazama. Ukiona boti imejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, shuka. Pesa ya tiketi utaililia siku mbili. Anayevuka zaidi, kwenda Tanga au Dar es Salaam, alale ndani ya chandarua, na akirudi na homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Huku kwetu imepungua sana, ndiyo maana tunasahau kuifikiria.

Lililobaki huwa nalisema kwa sauti ya chini kwenye kikao, kisha najilaumu kwa kulisema kwa sauti ya chini. Udhalilishaji wa kijinsia wa watoto haufanywi zaidi na mgeni mwenye pipi. Hufanywa na mtu anayejulikana, mwenye ufunguo wa nyumba. Swali la "atakuwa na nani" lina maana hii pia, na "yuko kwa jamaa" si jibu lake. Kabla ya kumlaza mtoto nyumba nyingine, ulizia nani mwingine analala humo na mtoto analazwa chumba gani. Akikwambia hataki kwenda kwa fulani, usimlazimishe kwa ajili ya kumstahi fulani. Likitokea la kutokea, mtoto asikogeshwe na nguo zisifuliwe; apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri wako sehemu moja. Simu ya kumsaidia mtoto ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe namba hiyo kwa kuimba, ndivyo wanavyoshika darasani kwangu.

Sasa habari za skuli. Vitabu vya kuazima virudi kabla ya siku ya ripoti, hata vilivyochanika. Nipe kilichochanika, usinipe hadithi ya mbuzi. Ofisini kuna mitandio saba, viatu vya mguu mmoja mmoja, na mkoba wenye chakula ambacho sitaki kukielezea. Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti, isomeni kabla ya kuikunja. Wenye mdogo wa kuanza mwakani waje na cheti cha kuzaliwa, na wasio nacho waanze kukifuatilia sasa, si wiki ya kufungua.

Na ripoti yenyewe isifunguliwe njiani mbele za watu. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alipigwa pale pale getini, akakimbia, akapatikana usiku kwenye banda la kukaushia karafuu. Alikuwa ameshika nafasi ya kumi na nne kati ya watoto tisini na mbili.

Nyuma ya kila ripoti safari hii nimeacha mistari mitatu mitupu: mtoto atakuwa wapi, na mtu gani mzima, na namba ya simu ya mtu huyo. Ikijazwa nitainakili kwenye daftari langu. Kalamu zitakuwepo mezani, na asiyependa kuandika aniambie tu, nitamwandikia mimi.