Namna ya kushukuru kwa uhuru pasipo kungoja gwaride

Tarehe 9 Desemba wengi wetu tunaadhimisha uhuru wa Tanganyika kwa kutazama gwaride kwenye televisheni, kisha tunarudi kwenye shughuli zetu. Gwaride lina heshima yake, lakini naamini kwa dhati kwamba aliyepewa uhuru hushukuru kwa kutenda haki pale ambapo hakuna anayemlazimisha. Hilo mtu anaweza kujifunza, na ninapendekeza aanze hivi.

Kwanza, ijue shuruti uliyoepushwa. Wakati wa Wajerumani, babu zetu walichapwa viboko ishirini na vitano, adhabu waliyoiita "hamsa ishirini", na watu wa Umatumbi walilazimishwa kulima pamba kwa ujira usiotosha hata chumvi. Mwezi Julai 1905, huko Nandete, waliing'oa miche ya pamba kwa mikono yao, na ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza, vita vilivyoondoka na makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakifa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Ukishasoma hayo, mtafute mzee wa karibu nawe, maana aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1961 sasa amevuka sabini. Mwamkie, keti, na usimuulize uhuru ulikuwaje, kwa sababu atakupa hotuba. Muulize hivi: "Babu, ni kitu gani mlikuwa mnalazimishwa kufanya?" Halafu nyamaza umsikilize hadi amalize.

Pili, chagua ahadi moja tu. Wana-TANU waliapa mambo mengi, na mawili kati yake yanamfaa mtu yeyote, wa chama chochote au asiye na chama: "Cheo ni dhamana" na "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko". Ishike mojawapo kwa mwezi mzima. Anayeshika zote kwa pamoja huziachia zote kwa pamoja.

Tatu, jiandae kwa saa ambayo huonekani. Chukua mfano wa simu. Jioni umekaa barazani, ujumbe unaingia kwamba umepokea shilingi 60,000 kutoka kwa mtu usiyemjua. Inapita nusu saa na hakuna anayepiga. Hakuna askari wala jirani anayejua, na ada ya mwanao inadaiwa. Hapo ndipo uhuru wako ulipo, mzima mzima, mkononi mwako. Usitoe fedha hizo wala usizitumie. Angalia salio kwenye menyu yenyewe ya simu, kwa kuwa matapeli hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa kweli. Ukikuta fedha zimeingia kweli, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, wasomee namba ya muamala, na uwaombe wao wazirudishe. Mtu akikupigia akitaka umtumie kwenye namba nyingine, mwambie kwa upole kwamba suala lipo kwa mtandao. Mimi lilinipata jambo hilo, na aliyekosea tarakimu moja alikuwa mama aliyekuwa akimtumia mdogo wake nauli ya kwenda hospitali. Sauti yake alipopiga kesho yake kushukuru ningali naisikia.

Ofisini nako, ukiombwa "ya soda", jibu bila ukali: "Naomba namba ya malipo, nilipe nipate risiti." Ukikataliwa huduma, TAKUKURU wanapatikana kwa kupiga 113 bila malipo. Muhimu zaidi ni kuwahi, na nyaraka zako zikiwa zimekamilika, kwa sababu rushwa nyingi ndogo huzaliwa na haraka, na mtu aliyebakiwa na dakika kumi kabla ya dirisha kufungwa hushindwa kirahisi hata kama ana nia njema.

Mwisho, fanya kazi moja ya wote. Mwaka 2015, nchi ikiwa na kipindupindu, Rais Magufuli alifuta sherehe za tarehe 9 Desemba akaagiza siku hiyo iwe ya usafi, naye akatoka Ikulu akaokota takataka pale Feri. Nanyi mnaweza kuzibua mtaro wa mtaa wenu. Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa wiki moja kabla, muanze saa kumi na mbili na nusu jua likiwa bado pole, na tope lililotolewa lizolewe siku hiyohiyo, la sivyo mvua ya kwanza italirudisha lilikotoka. Ila msiandike majina ya wasiofika, wala msiwatoze faini, kwa sababu kazi ya shukrani ikishakuwa ya kulazimishana imekwisha kuwa ile pamba ya Nandete. Egemezeni ukutani chepe moja la ziada na fagio la chelewa, kwa ajili ya jirani atakayechelewa kuamua.