Meli ikifunga gati Zeebrugge: mambo ya kuzingatia kabla ya kuizunguka Brugge kwa miguu

Ratiba ya meli ikiandika "Brugge", jua kwamba meli haifiki Brugge. Inafunga gati Zeebrugge, bandari ya Ubelgiji iliyofunguliwa mwaka 1907, yapata kilomita 15 kutoka mji wenyewe. Kilomita hizo ndizo zinazowaponza watu, kwa hiyo zipigie hesabu usiku wa kuamkia safari, ukiwa bado kitandani.

Hesabu ianzie mwisho. Angalia saa ya mwisho ya kupanda melini, siyo saa ya kung'oa nanga, kisha urudi nyuma. Ndani ya bandari huruhusiwi kutembea kwa miguu; kuna basi la kukutoa hadi getini au hadi mji wa Blankenberge, na asubuhi foleni yake si ya mchezo. Blankenberge unapanda treni, na baada ya kama robo saa uko Brugge. Kutoka stesheni hadi uwanja wa Markt ni mwendo wa dakika 20 hivi. Mimi hutenga saa moja na nusu ya kurudi, kisha naongeza saa nzima ya akiba. Na tafadhali, ratiba ikisema 17:30, iandike hivyo hivyo. Ukiandika "saa 11:30" kwa Kiswahili chetu, mwenzako anaweza kuisoma kizungu, siku ikavurugika. Tena kama mmetoka Southampton, Ubelgiji iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Simu hujibadilisha yenyewe, lakini meli huenda isibadilishe. Vaa saa ya mkono inayofuata saa ya meli.

Hati nazo. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen (viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Ubelgiji ikiwemo), hata kama anaishi Uingereza kwa kibali halali. Meli nyingine hukaa na pasipoti za abiria, basi waulize mapokezi siku moja kabla. Beba kadi ya meli, nakala ya pasipoti, na namba ya simu ya wakala wa meli bandarini, ambayo kwa kawaida huwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku. Namba ya dharura Ubelgiji ni 112. Pakua ramani ya mji kabla, na melini weka simu kwenye hali ya ndege, maana mtandao wa setilaiti wa meli hula pesa kimyakimya.

Viatu ndivyo ninavyovisisitiza kuliko vyote. Barabara za Brugge zimetandazwa mawe yaliyolainishwa na miaka mingi ya nyayo na magurudumu. Mvua ikinyunyiza kidogo tu yanang'aa na kuteleza, na kisigino chembamba huzama katikati ya jiwe na jiwe. Vaa raba ulizokwisha kuzizoea. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwa sababu vichochoro ni vyembamba na watu ni wengi.

Njia nzuri kutoka stesheni inapita ziwa la Minnewater, halafu Begijnhof, makazi ya wanawake watawa yaliyoanzishwa mwaka 1245, penye nyumba nyeupe na miti mirefu. Hapo sauti hushushwa. Mbele kidogo ni Kanisa la Mama Yetu, lenye sanamu ya Mariamu na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo. Ukifuata mfereji utafika Rozenhoedkaai, gati la kando ya mfereji, kisha uwanja wa Burg, kisha Markt. Mnara wa Belfort hapo una ngazi 366, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyozidi kuwa nyembamba, hadi unashika kamba. Mwenye magoti mabovu abaki chini bila kuona haya. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu.

Kwa Waislamu: ule mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe hupikwa kwa bia, na chipsi mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza kabla ya kuagiza. Sarafu za yuro zisikose mfukoni, vyoo vingi ni vya kulipia.

Boti za mferejini huzunguka kama nusu saa, ila foleni yake huweza kuwa ndefu kuliko safari yenyewe. Ipande mapema. Saa yako ya kurudi ikigonga, toka kwenye foleni, hata kama mbele yako wamebaki watu watatu.