Faili la meinfremu likifunguka na herufi za ajabu

Ukifikia diski za z/OS (mfumo endeshi wa meinfremu, zile kompyuta kubwa za mashirika) kwa NFS (njia ya kutumia faili za kompyuta nyingine kupitia mtandao) kutoka kompyuta ya mezani, amua aina ya data wakati wa kuunganisha. Meinfremu huandika herufi kwa msimbo wa EBCDIC, kompyuta yako kwa msimbo wa ASCII. Ongeza `text` baada ya jina, mfano `seva:MALIPO.RIPOTI,text`, bila hilo, kwa kawaida utasoma takataka tupu. Ila faili lenye namba za COMP-3 (namba za COBOL zilizobanwa, si herufi) liunganishe kwa `binary`, maana kugeuza herufi huziharibu namba hizo kimyakimya, na huo ndio ubaya wenyewe. Muunganisho ukikubali lakini ukanyimwa ruhusa, endesha `mvslogin`, amri ya kujitambulisha kwa meinfremu, kabla hujawasumbua watu wa mtandao kule Upper Hill, Nairobi. PDS (seti ya data yenye mafaili kadhaa ndani yake) huonekana kama folda.