Mtoto wa Paka Amekuja, Wakubwa Wapo: Nani Ale Nini?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mgeni alikuja, mwenyeji akanenepa.

Mgeni ni Pilipili, jike wa wiki 9, gramu 870 siku niliyompokea. Wenyeji ni wawili. Yupo Sultani, dume la miaka 6 lililohasiwa, ambalo halijawahi kupita kando ya bakuli bila kulisalimia. Na yupo Bibi, miaka 13, figo zimechoka, anakula chakula maalumu alichoandikiwa na daktari wa mifugo.

Nilinunua chakula kizuri cha watoto wa paka, nikapanga mabakuli matatu jikoni kando ya ukuta, nikajipongeza. Wiki mbili baadaye nikampandisha Pilipili kwenye mizani ya jikoni: gramu 905. Mtoto wa umri ule huongeza kama gramu 100 kila wiki. Wangu alikuwa ameongeza 35 kwa wiki mbili. Nikambeba Sultani, nikapanda naye kwenye mizani ya watu, nikatoa uzito wangu. Kilo 6.3, kutoka 6.1. Chakula nilichochagua hakikuwa na kosa lolote, ila kilikuwa kinaishia kwenye tumbo la mwingine.

Kwa hiyo kabla hujauliza mtoto ale nini, waangalie wakubwa ulio nao na ujiulize nani ataiba cha nani, na wizi huo utamdhuru nani. Jibu la hapo ndilo linaloamua ununue nini.

Kwanza, kwa nini asile tu cha wakubwa

Kwa kila kilo ya mwili wake, mtoto anahitaji nguvu mara mbili hadi tatu ya anayohitaji mkubwa, na tumbo lake ni dogo. Chakula chake lazima kibebe mengi ndani ya kidogo. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, ambavyo watengenezaji wengi huvifuata, vinataka chakula cha ukuaji kiwe na protini isiyopungua asilimia 30 ukikipima bila maji yake. Cha wakubwa ni 26. Kwenye kalsiamu pengo ni kubwa zaidi: asilimia 1 kwa anayekua, 0.6 kwa mkubwa. Akidokoa bakuli la mkubwa leo na kesho hatadhurika, lakini mifupa haijengwi kwa kudokoa.

Nyama tupu ya kuchemsha nayo inawadanganya watu wengi. Paka ni mla nyama kweli, ila porini hula mnyama mzima, mifupa na viungo vya ndani. Nyama peke yake ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mtoto anayelishwa hivyo kwa wiki nyingi mifupa yake inakuwa dhaifu hadi kuvunjika kwa kuruka tu. Chakula cha mbwa nacho kiache kwa mbwa. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kilichomo kwenye nyama. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walionyesha kwamba upungufu wake huharibu misuli ya moyo wa paka, na watengenezaji wa vyakula vya paka wakaongeza kiwango chake. Wa mbwa hawalazimiki.

Kusoma lebo

Picha ya mtoto wa paka kwenye pakiti si ushahidi. Tafuta maandishi yanayosema ni chakula kamili, na kwamba ni cha ukuaji au cha hatua zote za maisha. Kikiandikwa ni cha nyongeza, hicho ni kitafunwa, hata kama kopo ni kubwa na bei inauma.

Halafu usilinganishe chakula cha kopo na punje kavu kwa namba zilizoandikwa juu. Mimi nilikaribia kurudisha kopo lenye protini asilimia 10 kwa sababu punje zilisema 34. Kumbe kopo lile lilikuwa na maji asilimia 80. Toa maji, zinabaki 20, na 10 kati ya hizo ni protini: nusu nzima. Punje zilikuwa na maji asilimia 10, kwa hiyo ni 34 kati ya 90, kama asilimia 38. Kopo ndilo lililokuwa na protini zaidi.

Pilipili ninampa vyote viwili. Cha kopo kinamwongezea maji, kwa kuwa paka si wanywaji wazuri, na punje ninazilowanisha kidogo kwa maji ya uvuguvugu. Sababu nyingine ni Sultani. Yeye alikulia punje tupu, na leo ukimwekea chakula laini anakifukia kwa mkono kana kwamba yuko chooni. Paka hujifunza chakula ni kitu gani akiwa mdogo, kwa hiyo mzoeshe aina zote mbili mapema.

Sasa, nyumba yako ni ipi?

Kama wakubwa wako ni wazima na wembamba, una bahati. Nunua chakula kamili cha hatua zote za maisha, wale wote kwa miezi ambayo mtoto anakua, kila mmoja kwa kipimo chake. Kimetimiza kiwango cha ukuaji, na mkubwa hakimdhuru mradi umpimie.

Kama kuna mnene, njia hiyo haifai. Chakula cha ukuaji kina kalori nyingi, na paka aliyehasiwa hahitaji nyingi. Huyo abaki na chakula chake, wewe ulinde mlango. Ila usimpunguzie ghafla ukidhani unamkomoa. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hukimbilia kwenye ini, na hiyo ni hatari ya kifo.

Kama kuna mgonjwa mwenye chakula cha daktari, hakuna mjadala, kila mtu chumba chake. Chakula cha figo kimepunguzwa fosforasi na mara nyingi protini pia, yaani kimepunguzwa vile vile anavyovihitaji mtoto. Na Bibi akila cha Pilipili, fosforasi anayoepushwa inamrudia yote. Vyakula vya matatizo ya mkojo navyo mtoto asipewe bila daktari kusema.

Jinsi ninavyowatenganisha

Anza na kumweka mgeni chumba chake peke yake kwa wiki mbili hivi. Watu hufanya hivyo kwa ajili ya magonjwa na kuzoeana, lakini pia ndizo wiki pekee utakazojua kwa hakika amekula kiasi gani. Mimi nilimtoa siku ya nne kwa sababu alikuwa analia mlangoni. Huruma ile ndiyo iliyomnenepesha Sultani.

Baadaye nikamtengenezea boksi. Chukua boksi gumu la katoni, toboa tundu la kumtosha mtoto peke yake, weka bakuli kwenye kona ya mbali, juu panga vitabu vizito. La kwangu lilikuwa na tundu la sentimita 9. Siku ya kwanza sikuweka vitabu. Sultani akanusa, akaingiza kichwa, akaingiza bega moja, pumzi ikamwishia. Alipojaribu kurudi nyuma boksi likamfuata, na akazunguka jikoni akiwa amelivaa shingoni, Pilipili yungali ndani na bakuli lake. Hakurudia tena wiki nzima. Siku hizi kuna mabakuli yenye mfuniko unaofunguka kwa kusoma chipu iliyopandikizwa chini ya ngozi ya paka mmoja tu. Yanafanya kazi hiyo hiyo bila kichekesho.

Bibi nilimwekea chakula juu ya kabati. Hiyo ilifaa mpaka Pilipili alipofika miezi minne na kugundua kuruka. Kama mkubwa wako ana maumivu ya viungo usimpandishe huko. Mpe chumba chenye mlango.

Yote haya hayatafanya kazi ukiacha bakuli lililojaa mchana kutwa. Mtoto wa chini ya miezi minne ale mara nne kwa siku, kisha mara tatu hadi miezi sita, kisha mbili. Wakubwa mara mbili zinawatosha. Dakika 20 zikipita ninaondoa mabakuli yote, hata lenye mabaki. Siku tatu za kwanza Sultani alinisindikiza kila nilikokwenda akiguna, kisha akazoea.

Kipimo anzia kwenye jedwali la pakiti, lakini bosi awe mizani. Pima mtoto kila wiki siku ile ile, andika. Ninavyokumbuka, wiki ya kwanza baada ya boksi Pilipili aliongeza gramu 120.

Kubadilisha chakula

Siku chache za mwanzo mpe kile kile alichokuwa anakula alikotoka, hata kama unakidharau. Omba wakufungie kidogo. Kisha changanya kwa siku 7 hadi 10: robo mpya, nusu kwa nusu, robo tatu, halafu mpya tupu. Akianza kuharisha, rudi hatua moja nyuma. Isipokata kwa siku moja, au kuna damu, au anatapika pia, nenda kwa daktari. Ukiona tumbo limevimba kama ngoma na mgongo ni mifupa, usimsingizie chakula. Uliza habari za minyoo.

Maziwa ya ng'ombe ni picha nzuri kwenye vitabu vya watoto, tumboni ni balaa. Paka wengi wakishaachishwa ziwa hawamudu laktosi, yaani sukari ya maziwa. Ambaye bado ananyonya, chini ya wiki nne, anataka maziwa maalumu ya watoto wa paka. Vitunguu maji, saumu, chokoleti, zabibu na mifupa iliyopikwa visimfikie yeyote kati yao. Maini wanayapenda, lakini kila siku hapana, vitamini A inazidi.

Na mtoto asiyegusa chakula siku nzima, usisubiri kesho. Hana akiba mwilini.

Chakula cha ukuaji huendelea hadi miezi 12 hivi. Paka wa aina kubwa kubwa kama Maine Coon hukua polepole na huhitaji zaidi ya hapo. Ukimhasi katikati, njaa itapanda huku mahitaji yakishuka. Chakula kisibadilike, kipimo ndicho ukiangalie upya.

Boksi nimelitupa juzi. Pilipili ana miezi 7, kilo 2.9, na lile tundu linamtosha kichwa tu. Sasa Pilipili anakula bafuni, Bibi chumbani, Sultani jikoni, na mimi ninasimama koridoni dakika 20, asubuhi na jioni, nikiwa nimeshika vitasa viwili.