Kumchora ndovu mwekundu wa Tsavo kwa rangi za mafuta

Ngozi ya ndovu wa Tsavo, mbuga ya Kenya, ni ya kijivu kama ya ndovu wengine. Wekundu wake ni udongo anaojirushia mgongoni na matope anayogaagaa ndani yake. Ukichanganya rangi moja nyekundu ukampaka mwili mzima, utapata ndovu wa matofali. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa asili yenyewe: kijivu kwanza, vumbi baadaye.

Mandhari ni Tsavo Mashariki saa kumi na moja jioni. Umesimama kusini mwa mto Galana ukitazama kaskazini, jua liko kushoto kwako, na nyuma kabisa umelala uwanda wa juu wa Yatta.

Vifaa

Kanvasi ya sentimita 40 kwa 60. Ukiwamba marekani mwenyewe, ipake jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi) mara 3, na kila mpako ukikauka upige msasa laini. Rangi ya ukuta isichukue nafasi ya jeso, kwani hunyonya mafuta kupita kiasi. Picha hupauka na baadaye hubanduka.

Rangi sita zinatosha: nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), oka ya njano (njano ya udongo), amba mbichi (kahawia iliyokolea) na njano ya kadimiamu. Nyeusi iache dukani. Brashi bapa ngumu namba 4, 8 na 12, na moja laini ya duara namba 2. Brashi ngumu nyingi ni za manyoya ya nguruwe. Asiyetaka kuyashika atumie za sintetiki. Ongeza kisu cha kuchanganyia, tapentaini, mafuta ya kitani na vitambaa vikuukuu.

Hatua ya 1: Rangi ya chini

Zimua siena kwa tapentaini hadi iwe nyepesi kama chai, paka kanvasi nzima, kisha futa kwa kitambaa. Iache hadi kesho. Rangi hii itachungulia kati ya mipako ya juu na kuiunganisha ardhi na mnyama.

Hatua ya 2: Umbo

Chora kwa brashi namba 2 na amba iliyozimuliwa. Mstari wa upeo uwe theluthi moja kutoka juu, na mgongo wa ndovu uuvuke.

Makosa mengi huzaliwa hapa. Kimo cha ndovu begani hukaribia mara mbili ya mzingo wa unyayo wake wa mbele. Kwa hiyo ndovu wa sentimita 18 kwenye kanvasi anahitaji unyayo wa karibu sentimita 3 kwa upana. Wanaoanza humpa miguu ya ng'ombe. Goti la nyuma nalo liko chini na hupinda kuelekea mbele, kama la mtu. Mgongo wa ndovu wa Afrika umebonyea katikati. Ukiupandisha kama kilima umemchora wa Asia.

Hatua ya 3: Anga na Yatta

Anga iwe bluu nyepesi juu, ikishuka kuwa nyeupe yenye chembe ya oka karibu na upeo. Yatta ni altramarini, siena kidogo na nyeupe nyingi, juu yake pamenyooka karibu kama rula. Ififishe zaidi ya unavyoiona, maana mlima wa mbali ukikolezwa huja mbele na kumsonga ndovu.

Hatua ya 4: Ardhi na mikoma

Changanya fungu kubwa la siena, oka na nyeupe. Mbali ongeza nyeupe na bluu kidogo, karibu acha siena itawale. Kijani cha mikoma ya mtoni ni altramarini, oka na chembe ya njano. Kumbuka mkoma hugawanyika matawi, haunyooki kama mnazi. Fungu la ardhi lililobaki lifunike kwa nailoni, utalihitaji.

Hatua ya 5: Ndovu

Altramarini na siena karibu sawa kwa sawa hutoa giza linalokaribia weusi. Ongeza nyeupe upate vijivu vitatu: cha kivuli, cha kati na cha mwanga. Anza na kivuli, kikiwa chembamba: tumboni, ndani ya miguu, nyuma ya sikio. Chini ya tumbo tia siena kidogo, kwa sababu ardhi nyekundu hurudisha mwanga wake huko. Kisha kijivu cha kati, na cha mwanga upande wa kushoto.

Sasa subiri. Kijivu kikauke siku kadhaa. Hewa yenye unyevu ya pwani huchelewesha. Ukiharakisha, vumbi litachanganyika na kijivu na yote yatakuwa tope.

Lirudie fungu la ardhi (likiganda, changanya jipya kwa rangi zilezile), lidondoshee mafuta ya kitani kidogo, chota kwa brashi namba 8, futa sehemu kubwa kwenye kitambaa, kisha gusagusa panapokaa vumbi: mgongo, utosi, mabega, ukingo wa juu wa sikio. Kijivu kionekane katikati. Ndovu aliyetoka mtoni hana vumbi miguuni wala tumboni. Hapo acha kijivu cheusi chenye mstari wa maji.

Mikunjo ya ngozi iweke mwanga unapokutana na kivuli tu. Ukiichora mwili mzima, ndovu huonekana amefungwa wavu. Pembe ni oka na nyeupe, na nyeupe tupu iguse sehemu moja inayong'aa. Kingo za nyayo zilainishe zizame vumbini.

Baada ya kazi

Mpako wa juu uwe na mafuta zaidi ya wa chini, vinginevyo picha hupasuka. Amba hukauka haraka, ibaki mipako ya chini. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike: hujipasha moto vyenyewe na huweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke au vitumbukize kwenye kopo la maji. Vanishi ya mwisho isubiri angalau miezi 6, na mwaka mzima palipo na rangi nene.